Kurudi Salama Si Cheti

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Msasani nikikagua boti ya mbao inayopeleka watalii visiwa vya Bongoyo na Mbudya, na nahodha wake, mtu mzima mwenye adabu zake, akaniambia: "Injinia, mwaka wa saba huu nakwenda na kurudi, sijapoteza hata kofia ya mgeni." Nilimwomba ang'oe mbao za sakafu. Chini yake tulikuta mataruma mawili, yaani mbavu za boti, yameoza kiasi kwamba bisibisi ilizama yenyewe.

Kauli yake ilinirudisha kwenye Titan, chombo cha kuzamia cha kampuni ya OceanGate, ambacho tarehe 18 Juni 2023 kilisagwa na maji kikielekea kwenye mabaki ya meli ya Titanic na kuwaua wote watano waliokuwamo, akiwamo mkuu wa kampuni, Stockton Rush, aliyekuwa akikiongoza.

Mabaki hayo yamelala kwenye kina cha mita 3,800 hivi, ambako kila sentimita ya mraba ya chombo hubeba takribani kilo 390. Ndiyo maana wahandisi wengi hupendelea tufe la titani kwa safari kama hizo, kwa kuwa tufe hugawa mzigo sawasawa pande zote, na namna metali hiyo inavyochoka inafahamika na inaweza kukokotolewa. Titan kilikuwa pipa refu la nyuzi za kaboni lenye vifuniko vya titani miishoni, umbo linaloongeza nafasi ya abiria, na nafasi moja iliuzwa hadi dola 250,000.

Nyuzi za kaboni ni imara ajabu zikivutwa, lakini zikigandamizwa mambo hubadilika: kamba ya nanga huvuta jahazi zima, ila ukiisukuma inajikunja. Kinachozitegemeza ni gundi iliyo kati ya tabaka, na kila kuzama kunaweza kuzibandua kidogo mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo kila safari ya Titan iliyokwisha salama, ambayo wenyewe waliihesabu kuwa ushahidi wa uimara, ilikuwa inautumia uimara uliosalia. Julai 2022, kikipanda kutoka kuzama kwake kwa 80, ulisikika mlio mkubwa, na vipimo vya mkazo wa gamba vikabadilika baada ya hapo. Kiliendelea kutumika, kisha kikaachwa nje katika majira ya baridi ya Kanada.

Maonyo yalikuwapo mapema. Mwaka 2018 mkurugenzi wa shughuli za majini, David Lochridge, alifukuzwa kazi baada ya kuandika kasoro alizoziona, na mwaka huohuo wataalamu zaidi ya 30 walitaka chombo kikaguliwe na asasi huru za uainishaji wa meli, zile zinazothibitisha kwamba chombo kimejengwa kwa viwango vya usalama. Kampuni ilishikilia kwamba ukaguzi huo huchelewesha ubunifu. (Huku kwetu gatini neno lake ni "urasimu".) Hata waliolipa nauli hawakuitwa abiria bali "wataalamu wa misheni", kana kwamba ni wafanyakazi wa safari hiyo. Ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani ya Agosti 2025 ilisema vifo vile vingeweza kuzuilika.

Nahodha wa Msasani alinuna siku mbili, kisha akanipigia simu kuuliza bei ya mbao za mvule. Boti yake bado iko juu ya magogo, na wageni wake anawapeleka kwa boti ya kukodi.