Modi za The Sims 4: Ipi Ni Pambo, Ipi Ni Programu

Wazazi na wanafunzi wanaofika kwenye kitengo chetu cha usalama wa mifumo huuliza swali fupi: modi za gemu ya The Sims, yaani mafaili yanayotengenezwa na wachezaji ili kuiongezea au kuibadilisha gemu, zina virusi? Ukiwajibu ndiyo, mtoto atazipakua kwa siri. Ukiwajibu hapana, umewadanganya. La maana ni kujua faili uliyoipakua ni ya aina gani na ina uwezo gani ndani ya kompyuta.

The Sims 4 ilitoka Septemba 2014, ikitengenezwa na Maxis chini ya Electronic Arts. Unaumba watu, unawajengea nyumba, wanatafuta kazi, wanaoana, wanazaa, wanazeeka. Tangu Oktoba 18, 2022 gemu ya msingi ni bure, na vinavyouzwa ni vifurushi vya kuongezea. Nalitaja hili mapema kwa makusudi. Hakuna tena sababu ya kuchukua nakala iliyovunjwa ulinzi kutoka kwenye flashi ya rafiki, na aliyeanza na nakala ya namna hiyo hatasaidiwa na ushauri wowote unaofuata hapa.

Wengi huanza na vitu vya nyongeza, ambavyo wachezaji wanaviita CC (custom content): nguo, makochi, mapazia, ngozi, nywele. Kwa wachezaji weusi hivi havikuwa anasa. Gemu ilikuwa na rangi chache za ngozi nyeusi, tena zisizopendeza, mpaka Desemba 2020 ilipoongezewa rangi zaidi ya 100. Misuko, afro na vilemba vya kueleweka vilitoka kwanza mikononi mwa wachezaji wenyewe. Faili hizo huishia na .package. Ndani yake mna maumbo, picha na maelezo ambayo gemu inayasoma na kuyaonyesha. Ikiwa mbovu itakuharibia mchezo: mhusika anatokea na alama nyekundu za kuuliza mahali pa nywele, au kochi halionekani kabisa. Ni kero, lakini nywila zako ziko salama.

Faili inayoishia na .ts4script ni jambo jingine. Hiyo ni hati (script), yaani programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python, na ndiyo inayobadilisha namna gemu inavyofanya kazi. MC Command Center ya Deaderpool, mojawapo ya modi maarufu kuliko zote, hutumia njia hii kuendesha ndoa, uzazi na ajira za mji mzima hata pale usipowatazama wahusika. Uhodari huo una gharama yake. Gemu haijaizungushia hati hii ukuta wowote; unachoweza kufanya wewe kwenye akaunti yako, nayo inaweza. Inaweza kusoma mafaili yako, kuingia intaneti, kushusha programu nyingine na kuiwasha, huku wewe ukihangaika kumpikia mhusika wako chakula cha jioni.

Mwezi Machi 2024 jambo hilo likatokea. Modi kadhaa zenye programu hasidi zilipandishwa kwenye Mod The Sims na CurseForge, tovuti mbili ambazo kila mwongozo wa wanaoanza ulikuwa unazisifia. CurseForge ndiyo mshirika rasmi wa Electronic Arts kwa modi za gemu hii. Modi nyingine zilipitia akaunti za watengenezaji halali zilizodukuliwa, nyingine zililetwa na watu waliojifanya watengenezaji wanaojulikana. Walengwa walikuwa watumiaji wa Windows. Hati ikishawashwa na gemu, ilishusha programu ya kuiba taarifa: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na akaunti za Discord, Steam na Telegram.

Walioziba tundu wa kwanza walikuwa wachezaji wenyewe. Mtengenezaji anayejulikana kama TwistedMexi alitoa ModGuard, modi inayozuia hati nyingine zisifanye mambo ambayo modi ya kawaida haina haja nayo. Overwolf, kampuni inayomiliki CurseForge, ilitoa kifaa cha kusaka na kusafisha virusi hivyo. Ninamshauri kila anayetumia hati aweke ModGuard na aisasishe, akijua kwamba nayo ni modi inayotunzwa na mtu anapopata nafasi. Si kinga ya milele.

Kwa maoni yangu tukio lile liliua ushauri wa zamani wa "pakua kwenye tovuti inayoaminika tu". Tovuti nzuri bado ni lazima, ila haitoshi. Hati mpya ikitoka, subiri siku chache. Wenye haraka watakuonyesha kama ina kasoro. Modi iliyolala miaka miwili ikipata sasisho la ghafla, au jina maarufu likitokea kwenye akaunti mpya, nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe uone kama ametangaza. Ukiambiwa uzime antivairasi kwanza, achana nayo. Faili ya zipu iliyofungwa kwa nywila nayo iepuke, kwa sababu mara nyingi nywila hiyo imewekwa ili skana zisione kilichomo. Na washa mpangilio wa Windows wa kuonyesha viambishi vya majina ya mafaili, zile herufi za mwisho baada ya nukta, maana usipofanya hivyo faili ya .exe, yaani programu kamili ya Windows, inaweza kuvaa jina la nywele. Nywele haziji kwa .exe. Tovuti ya VirusTotal husaidia kuchunguza faili kabla ya kuifungua, ingawa virusi vilivyotengenezwa jana vinaweza kupita bila kugunduliwa.

Sasa mzazi. Nyumba nyingi zina kompyuta moja, na kivinjari chake kimehifadhi barua pepe ya kazini, WhatsApp ya mama na pengine akaunti ya benki. Mfungulie mtoto akaunti yake ya Windows, ya kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi. Programu ya kuiba ikiingia kupitia akaunti hiyo, itakuwa vigumu sana kufikia kilichomo kwenye yako. Kazi hii haichukui muda, na kwangu mimi inazidi antivairasi yoyote ya kulipia. Kama watoto wanachezea PlayStation au Xbox, lala usingizi: huko modi hizi hazifanyi kazi.

Upande wa gemu yenyewe nitapita haraka. Kabla ya modi ya kwanza, nenda Documents, fungua Electronic Arts, nakili folda nzima ya The Sims 4 kwenye flashi au diski ya nje. Folda ya saves ndiyo yenye familia zako, na Tray ndiyo yenye nyumba na kaya ulizohifadhi. Modi zinakaa kwenye folda ya Mods. Faili za hati zisizame zaidi ya folda moja ndani yake, la sivyo gemu haizioni; zile za .package huvumilia kina zaidi. Jaribu kila kitu kipya kwenye mchezo mpya, si kwenye familia uliyoilea vizazi sita.

Kampuni ikisasisha gemu, modi huzimwa zenyewe, na kuna sababu. Sasisho la Machi 14, 2023 lililoleta watoto wachanga lilivunja modi nyingi kwa mkupuo, kwa kuwa gemu ilipata umri mpya kabisa ambao hati za zamani hazikuujua. Subiri watengenezaji watoe matoleo mapya ndipo uziwashe. Tatizo likibaki, toa nusu ya modi na ufute faili iitwayo localthumbcache.package, kisha fungua gemu. Tatizo likiisha, mkosaji yumo katika nusu uliyoitoa. Lisipoisha, yumo katika iliyobaki. Gawa tena mpaka umpate. Inachosha, hasa kwa mwenye mafaili elfu tatu, lakini ni njia ya uhakika kuliko kubahatisha.

Ukihisi umeshaingiliwa, kwa mfano Discord yako inatuma ujumbe usioujua, kata intaneti ya kompyuta hiyo. Chukua kifaa kingine na ubadilishe nywila, ukianza na barua pepe, maana ndiyo inayorejesha nywila za huduma nyingine zote. Kwenye kila huduma bonyeza kitufe cha kuondoka (log out) kwenye vifaa vyote, kwa sababu wezi hawa huiba pia kumbukumbu za kivinjari zinazowaingiza bila nywila. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Tanzania unaweza kutoa taarifa TZ-CERT, na Kenya KE-CIRT/CC, vituo vya kitaifa vya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao. Kompyuta yenyewe ninapendelea isakinishwe Windows upya kuliko kusafishwa kwa kubahatisha. Baada ya hapo rudisha folda za saves na Tray kutoka kwenye nakala yako. Folda ya Mods usiirudishe. Zipakue modi upya, moja moja.