Umeinua pikapu? Angalia kasta kabla ya kulipia alainimenti

Hapa Malindi pikapu zinainuliwa sana, yaani zinafungwa springi ndefu zikae juu, na sio shoo tu, yule anayeenda Sala Gate, lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, au Marafa mvua ikishanyesha anajua kwa nini. Shida inaanza akirudi kwenye lami. Usukani umekuwa mwepesi ovyo, gari inatangatanga, kwenye 80 hivi unashughulika kuirudisha barabarani muda wote, ukitoka kwenye kona usukani haujirudishi wenyewe. Wengi wanakimbilia kubalansi tairi, wanalipa na gari iko vile vile.

Sisi tunaofundisha ufundi wa magari, kwenye alainimenti, yaani kupanga magurudumu yakae na kuelekea sawasawa, tunaanzia kasta. Tazama gari kwa ubavu: mhimili ambao gurudumu linageukia unatakiwa ulale nyuma kidogo kwa juu, huo mlalo ndio unaolinyoosha gurudumu lenyewe. Sasa gari yenye ekseli nzima mbele, chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili, kama Land Cruiser 79, ukiipa springi ndefu zile arm, mikono ya chuma inayoshika ekseli kwenye fremu, zinainama, ekseli inajizungusha na kasta inapungua, mafundi hukadiria digrii moja kwa kila inchi. Hapo mashine ya alainimenti haikusaidii kitu, hakuna bolti ya kurekebishia, lazima ziwekwe bushi za ofseti, zile ambazo tundu lake haliko katikati. Hilux mpya zina bolti za kemu, zile ukizizungusha zinasogeza arm, kwenye arm za chini lakini nazo zina mwisho wake, zikifika mwisho unatafuta arm za juu za kubadilisha. Zile za zamani zenye springi za vyuma vilivyopangwa, kabari kati ya springi na ekseli inatosha.

Kemba, yaani gurudumu kuinama ndani au nje ukilitazama kwa mbele, ndiyo inayokula tairi upande mmoja. Kwa ekseli nzima hairekebishwi, ikiwa imekosea kuna kitu kimepinda au bearing zimelegea.

Tou, yaani magurudumu kuelekeana au kuachana kwa mbele ukiyatazama kwa juu, ndiyo kila mtu anaijua, na inavyokula pesa watu hawaamini. Ikikosea milimita 3 tu kwenye tairi ya kimo cha milimita 700, zile mbili za mbele kwa jumla zinaburutwa kando kama mita 4 kila kilomita, kwa hiyo Malindi hadi Mombasa, kilomita 120 hivi, ni karibu nusu kilomita ya mpira kusuguliwa lami bure! Pitisha kiganja juu ya tairi kwa upana wake, kikiteleza kwenda halafu kikwaruze kurudi, tou ndiyo hiyo.

Kwa hiyo usipeleke gari kwenye mashine siku ile ile springi zimefungwa, iendeshe kwanza zikae. Boljointi, tairodi na bushi ziangaliwe, upepo uwe sawa, na kama unabeba mzigo kila siku ubebe huo huo wakati wa kupima, maana gari tupu na yenye mzigo hazikai kimo kimoja. Fundi aanze na kasta, kisha kemba, tou iwe ya mwisho huku usukani umenyooka, maana akigusa zile mbili baada ya tou, tou imeharibika tena.

Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kama kasta haimo, kazi haijaisha, usilipe kwanza. Na ukitoka rafu rodi ndefu rudisha gari ikaguliwe, bolti za kemu huteleza.