Roald Dahl hakutunguliwa

Nauza vitabu vya mitumba hapa Moshi, meza moja karibu na stendi, na hakuna mwandishi anayeniletea ubishi kama Roald Dahl. Juzi dada mmoja alishika kile cha kiwanda cha chokoleti, jalada limebanwa kwa selotepu, akauliza bei. Elfu tano.

"Mangi, punguza bwana. Si huyu yule rubani Mwingereza aliyetunguliwa na Wajerumani?"

Nikamwachia kwa elfu tatu. Habari ya rubani nikamsahihisha bure.

Tarehe 19 Septemba 1940 Dahl alikuwa peke yake angani, anapeleka ndege aina ya Gladiator kwa kikosi chake kwenye jangwa la magharibi mwa Misri. Uwanja alioelekezwa hakuuona. Giza linaingia, mafuta yanakata, akaamua kutua mchangani, na ndege ikaangukia pua. Fuvu lilipasuka, pua ikasagika, akakaa wiki kadhaa haoni. Hakuna adui aliyemfyatulia risasi siku hiyo. Sasa hili la kutunguliwa lilitoka wapi? Mwaka 1942 gazeti la Saturday Evening Post la Marekani lilichapisha andiko lake la kwanza, na kichwa cha habari kikasema kwa herufi kubwa kwamba ni mtu aliyetunguliwa Libya. Ndivyo alivyo Dahl: ukitafuta chanzo cha chumvi nyingi kuhusu maisha yake, mara nyingi unamkuta yeye mwenyewe ameshika kijiko.

Uingereza nayo ina maelezo. Alizaliwa Cardiff, Wales, mwaka 1916, wazazi wote wawili Wanorwe, na jina Roald alipewa kwa heshima ya Amundsen, Mnorwe aliyefika wa kwanza Ncha ya Kusini.

Kuna mzee hupita mezani kwangu akitokea Pasua, kila mara ananiapia kwamba Dahl aliishi hapa Moshi. Shikamoo mzee, lakini hapana. Alikuja Tanganyika mwaka 1938 kama mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell, makazi yake Dar es Salaam, na kazi ilimzungusha kwa gari kwenye mashamba ya mkonge na migodi. Wengine hudhani alikuja kutalii wanyama tu. Mtalii hajifunzi Kiswahili mpaka akakitumia kila siku na askari. Maana vita vilipoanza 1939 alikabidhiwa kikosi cha askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kuwakamata Wajerumani waliokuwa wanatoka Dar. Baadaye akaendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Alikuwa na urefu wa karibu sentimeta 198, na kwenye ndege ya mafunzo kichwa chake kilipita juu ya kioo, upepo wote unaishia usoni.

Miaka hiyo ameisimulia katika kumbukumbu zake za 1986, ndimo alimo simba aliyembeba mke wa mpishi mdomoni na mama yule akarudi bila mkwaruzo. Ukurasa huo mimi huusoma kama ninavyosoma Sungura na Fisi.

Turudi kwenye kiwanda. Wazazi walioona filamu ya 1971 huamini wale wafanyakazi wadogo, Oompa-Loompa, walikuwa na ngozi ya rangi ya chungwa tangu mwanzo. Toleo la kwanza, 1964, liliwaeleza kuwa ni watu weusi wafupi, wametolewa kwenye msitu wa Afrika, wanalipwa mbegu za kakao. Wapinzani wa ubaguzi Marekani wakalalamika, na toleo la 1973 likawapa ngozi nyeupe na nchi ya kubuni. Hilo la zamani halijawahi kutoka kwenye belo langu.

Kwamba aliandikia watoto maisha yote? Ukiacha kitabu kimoja cha 1943, alikaribia miaka 45 ndipo akaanza hasa. Kabla ya hapo aliishi kwa hadithi za watu wazima, nyingine za kutisha.

Babu mpole? Mwaka 1983 alitamka maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, na mwaka 2020 familia yake ikaomba radhi.

Ila wanaosema hakuacha kitu zaidi ya vitabu ndio hunikera. Desemba 1960, New York, teksi iligonga kigari cha mwanawe Theo, mtoto wa miezi minne, na kichwa kikaanza kujaa maji. Vali ya kuyatoa ikawa inaziba kila mara. Dahl akamtafuta fundi wa injini ndogo za ndege za kuchezea, Stanley Wade, na daktari wa upasuaji, Kenneth Till, wakatengeneza vali mpya. Ilipokamilika Theo hakuihitaji tena. Ikatumika kwa watoto wengine wapatao 3,000. Miaka miwili baada ya ajali hiyo binti yake Olivia, miaka 7, alikufa kwa surua iliyopanda kwenye ubongo. Mwaka 1986 akaandika barua kuwasihi wazazi wachanje watoto.

Yule dada amerudi leo. Mwanawe amekimaliza, anataka kingine. Nimemwekea kile cha jitu lenye masikio makubwa. Elfu tano, na safari hii sipunguzi.