Kichanga, sindano na plasta: maswali ya akina mama wodini

Sista, mtoto wa siku mbili anasikia maumivu kweli?

Anasikia. Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walidhani hasikii, na vichanga walipasuliwa bila dawa ya maumivu ya kutosha. Mwaka 1987 Dakta Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walionyesha kuwa njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, waliopewa dawa hiyo walipata matatizo machache zaidi baada ya upasuaji. Mtazame usoni: anakunja paji, anafumba macho kwa nguvu. Njiti aliye hoi huenda asilie kabisa, na huyo ndiye tunayemsahau.

Anakaribia kuchomwa sindano kisigino ili atolewe damu. Nimlaze kitandani?

Hapana, mama, mpakate. Mpe titi dakika chache kabla, na sindano ichomwe akiwa amelishika vizuri na anameza. Usimtoe. Wapo wauguzi wanaohofia atapaliwa, lakini Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri kunyonyesha wakati wa chanjo. Asiyeweza kunyonya awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi.

Na maji ya sukari?

Hayo ni ya hospitali, matone machache kwa kipimo, kama dakika mbili kabla ya sindano. Usikoroge nyumbani. Asali ndiyo kabisa asilambishwe kabla ya kutimiza mwaka.

Plasta ya kanula, kile kimirija cha mshipani, imembandua ngozi. Mlikosea?

Pengine tulikuwa na haraka. Tabaka za ngozi ya njiti hazijashikamana sawasawa, kwa hiyo gundi huishika ngozi kuliko ngozi inavyojishika yenyewe. Plasta ikatwe ndogo. Wakati wa kuitoa, ilowanishwe kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kisha ikunjwe irudi nyuma ikilala juu ya ngozi, polepole, kidole cha mkono wa pili kikiizuia ngozi isifuate. Kuivuta kwenda juu ndiko kunakochuna. Ukiona muuguzi anaikwanyua, mwambie. Una haki hiyo.

Makalio yamekuwa mekundu, nipake poda?

Poda acha, anaivuta kifuani. Badilisha nepi mara kwa mara, safisha kwa pamba na maji bila kusugua, kausha kwa kugusagusa, kisha paka mafuta ya zinki kwa wingi. Wekundu ukiingia kwenye mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogo, hiyo huenda ni fangasi. Mlete tumwone.