Mtoto ahamie lini kwenye busta?

Busta ni kiti cha kumwinua mtoto kwenye gari. Wazazi wanaokuja kliniki huniuliza: "Daktari, mwanangu ametimiza miaka minne, nimnunulie busta?" Mimi nami nauliza uzito wake, urefu wake, na lebo ya kiti cha gari alichonacho inasema nini. Kama hicho kiti chenye mikanda yake bado kinamtosha, mwache humo humo.

Najua wengi huona kuhamia busta ni kama kupanda darasa. Kumbe kila anapohama, kinga inapungua. Kwenye kiti chenye mikanda mitano, kishindo cha ajali hugawanyika mabegani, nyongani na katikati ya mapaja. Busta haina mikanda hiyo. Inamwinua tu mtoto ili mkanda wa gari, uliokatwa kwa kipimo cha mtu mzima, umpite panapotakiwa.

Panapotakiwa ni wapi? Mpapase kiunoni, utaikuta mifupa miwili ya nyonga inayochomoza kwa mbele. Mkanda ulale chini ya hapo, ukigusa mapaja. Kwa mtoto mdogo mifupa hiyo haijachomoza vya kutosha kuuzuia mkanda, kwa hiyo unapanda tumboni kirahisi. Gari likigonga wakati mkanda uko huko juu, utumbo ndio unaopokea kishindo, mwili unajikunja juu ya mkanda, na pingili za kiuno zinaweza kuvunjika. Tukiona mchubuko wa mstari mmoja uliokatiza tumbo la mtoto aliyetoka kwenye ajali, tunaanza kutafuta majeraha ya ndani hata kama anaongea vizuri.

Kiti chenye mikanda hakimtoshi tena pale anapofikia uzito au urefu ulioandikwa kwenye lebo (vingi vya zamani vya Ulaya vinaishia kilo 18), au mabega yanapopita tundu la juu kabisa la mikanda.

Hapo tena kuna tabia, na hii kilo hazikuambii. Je, anaweza kukaa wima kwenye foleni ya kutoka Mbezi hadi Posta? Akipitisha mkanda chini ya kwapa, akiinama kuokota kalamu, au akilala na kuporomoka pembeni, bado. Mtafutie kiti chenye mikanda kinachobeba uzito mkubwa zaidi.

Akihama, anza na busta yenye mgongo. Inamshika akisinzia na kuuelekeza mkanda begani, mbali na shingo. Zile za kukalia tu, kwa kanuni za Ulaya, mpya huidhinishwa kwa waliozidi sentimita 125. Wauzaji wetu watakuambia vingine, maana ndizo za bei rahisi.

Kagua na gari lenyewe. Busta inataka mkanda wa kiunoni na begani. Kiti cha katikati chenye mkanda wa kiunoni pekee hakifai. Na magari yetu mengi yaliyotoka Japani yamevalishwa kava zilizofukia vifungio vya mikanda nyuma. Mwambie fundi azitoboe au azivue kabisa, ndipo ununue busta.

Ataitumia hadi karibu sentimita 145, ambazo wengi huzifikia kati ya miaka 8 na 12. Uingereza sheria inaruhusu kuiacha kwenye 135. Mimi nasubiri hadi mgongo ulale kwenye kiti na magoti yakunjike vizuri ukingoni. Siku asipokuwemo, ifunge busta mkanda, au iweke kwenye buti.