Unapobadili taa za tangi la samaki kuwa LED, usihesabu wati

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wafugaji wa samaki wa mapambo ni hili: ni taa ya LED ya wati ngapi inayoweza kuchukua nafasi ya mrija wa floresenti wa wati 36? Swali hili linaeleweka, kwa kuwa kanuni ya zamani ya kugawa wati kwa ujazo wa tangi iliwafaa wengi wakati karibu kila tangi lilimulikwa kwa mirija inayofanana. Kwa LED kanuni hiyo imepitwa na wakati, nami nashauri iachwe kabisa.

Wati hueleza umeme unaotumika, basi. Mrija hutoa mwanga pande zote, hivyo sehemu kubwa huelekea juu na hurudi majini iwapo tu kuna kiakisi kilicho safi, ilhali LED humulika upande mmoja na lenzi yake inaweza kuukusanya mwanga huo zaidi. Ndiyo maana taa mbili za LED zenye wati sawa zinaweza kutofautiana sana kwa nuru inayofika kwenye changarawe. Hata lumeni, yaani kipimo cha mwangaza wa taa, hazitoshi, kwa sababu kipimo hicho kinafuata jicho la binadamu, ambalo huhisi zaidi rangi ya kijani iliyo karibu na nanomita 555, wakati usanisinuru, yaani mimea kujitengenezea chakula kwa nuru, hutegemea sana buluu na nyekundu. Kipimo ninachokiamini ni PAR, yaani nuru ya nanomita 400 hadi 700, inayopimwa kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, tena ipimwe pale mmea au tumbawe lilipo. Mimea isiyodai mengi, kama Anubias, huridhika na takriban 20 hadi 30. Matumbawe ya jamii ya Acropora kwa kawaida huwekwa kwenye 200 au zaidi.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni siku ya kubadilisha yenyewe. Mirija hufifia polepole, na ndiyo sababu wafugaji makini huibadilisha kila baada ya mwaka mmoja hivi hata kama bado inawaka. Maana yake ni kwamba viumbe vya tangini vimezoea mwanga uliokwisha kudhoofika, kisha ghafla vinawashiwa LED mpya kwa nguvu zake zote. Kwenye tangi la mimea, nuru ikizidi kiasi cha kaboni dioksidi na virutubisho vilivyomo, mimea hushindwa kuitumia, na mwani hupata nafasi ya kutanda, hasa juu ya majani yanayokua taratibu. Kwenye matumbawe madhara ni makubwa zaidi: mwani mdogo unaoishi ndani ya tishu zake huzalisha kemikali za oksijeni zenye sumu, tumbawe huutoa nje mwani huo unaolilisha, likapauka na pengine likafa njaa. Kwa hiyo taa ianze kwa nusu ya nguvu zake au chini ya hapo, ipandishwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kwa tangi la mimea saa 6 hadi 8 za mwanga kwa siku zinatosha kwa kuanzia. Taa isiyo na kidhibiti cha nguvu inaweza kuinuliwa juu zaidi ya maji.

Joto nalo hubadilika. Aliyekuwa akitumia metali halaidi, aina ya taa yenye joto kali, ya wati 250 alikuwa pia akiyapasha maji moto bila kukusudia; akihamia LED, hita itafanya kazi zaidi na uvukizi utapungua. LED yenyewe huachia joto lake kupitia bati la nyuma, kwa hiyo isifunikwe.

Kuhusu saa 50,000 za uhai wa taa zinazoandikwa kwenye maboksi ya LED, kwa saa 8 kila siku hiyo ni zaidi ya miaka 17, lakini kinachotangulia kuharibika mara nyingi ni kifaa cha kuigawia taa umeme, hasa kinapopigwa na unyevu na chumvi. Ningelipia zaidi taa iliyozibwa vizuri na yenye vipuri kuliko ile yenye rangi nyingi za kuchezea.

Mirija ya zamani ina zebaki, hivyo iondolewe bila kuvunjwa na ipelekwe mahali panapopokea taka hatarishi.