Mali kauli na polisi: deni lisilolipwa si jinai

Minada ya korosho ikishafungwa na malipo ya wakulima yakishaingia kwenye akaunti, ofisini kwangu hapa Mtwara huanza foleni ya aina moja. Anakuja mwenye duka la jumla, anakuja muuza salfa na dawa za mikorosho, anakuja mwenye mashine ya kukoboa. Walitoa mali kauli, yaani mali inayochukuliwa kwa ahadi ya mdomo ya kulipa baadaye, wakati wa njaa ya miezi ya palizi, wakaahidiwa kulipwa mnada wa kwanza, na mnada wa mwisho umepita. Kila mmoja ana maneno yaleyale: "Wakili, RB nimeshafungua, naomba tu unisaidie akamatwe." RB ni ile namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi. Nikiuliza akamatwe kwa kosa gani, najibiwa kwa hasira, "Si amekula hela yangu?"

Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, soma mwanzo hadi mwisho. Utakuta wizi, utakuta kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, utakuta kughushi. Kosa la kudaiwa halimo. Kumpa mtu mali akuahidi malipo ni mkataba, hata kama mlizungumza mkiwa mmesimama mlangoni pa duka bila karatasi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa ya hiari, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Asipolipa amevunja mkataba, na mkataba uliovunjwa unaamuliwa na mahakama katika kesi ya madai. Askari hana mamlaka ya kuamua nani anamdai nani kiasi gani.

Mpaka hapo wengi hunielewa. Kisha wanasema, "Basi ni tapeli," wakidhani wamepata njia ya kurudi kituoni. Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu neno hilo linatumika ovyo na watu wanalala mahabusu kwa ajili yake.

Kinachotazamwa kwenye udanganyifu ni siku ile mali ilipotoka mkononi mwako. Je, siku hiyo alikudanganya, na uongo huo ndio uliokufanya utoe mali? Mtu akija dukani kwako akasema ni mnunuzi wa shule fulani ilhali shule haimjui, akakuonyesha karatasi ya benki aliyoichapisha mwenyewe, ukapakia mifuko 50 ya mchele akatoweka, huyo mpeleke polisi, tena kimbia. Lakini mama wa Chikongola uliyemjua miaka yote, aliyechukua mifuko 10 akikusudia kweli kulipa, kisha biashara ikamdororea au mume akaugua, huyo hakukudanganya. Hata kama baadaye ameamua kwa kiburi kwamba halipi, kiburi cha Machi hakigeuzi ahadi ya kweli ya Novemba kuwa utapeli. Ni mkaidi, ni mdaiwa sugu, mshtaki ukitaka. Lakini mlango ni ule wa madai.

Kuna jambo la pili ambalo hata watu waliosoma hulikoroga: mali au pesa iliyotolewa ilibaki ya nani? Ukimkopesha mtu milioni 2, pesa ile imekuwa yake. Anaweza kuila, kuichezea bahati nasibu, kujengea choo. Wewe unabaki na haki ya kudai kiasi kilekile. Lakini ukimpa milioni 2 akakununulie mahindi Songea, pesa hiyo bado ni yako na yeye ni wakala wako. Akiitia mfukoni, hapo kuna harufu ya wizi wa wakala, na polisi wana kazi halali ya kufanya.

Sasa mali kauli inakaa wapi kati ya hayo mawili? Nitasema ukweli ambao vitabu vya mwaka wa kwanza havisemi: mara nyingi haijulikani, kwa sababu wenyewe hawakuamua. Kama mlikubaliana kwamba anachukua vitenge 20 kwa bei fulani na atalipa tarehe fulani, viuzike visiuzike, hayo ni mauziano kwa mkopo. Vitenge ni vyake, wewe una deni. Kama mlikubaliana kwamba anauza kwa niaba yako, anakuletea mauzo, anabakiza cha juu, na visivyouzika anarudisha, basi vilikuwa vyako muda wote na yeye alikuwa wakala. Mambo mawili tofauti kabisa, moja la madai tu, jingine linaweza kuangukia kwenye jinai, na wafanyabiashara wetu wanayaita yote mali kauli. Nimeona maelezo yanayofanana yakiamuliwa tofauti na mahakimu wawili, na kila hukumu niliposoma sababu zake niliona ina mantiki. Mteja akiniuliza kesi ya namna hii itaishia wapi, sina jibu la uhakika la kumpa. Ninachoweza kumwambia ni kwamba mstari mmoja ulioandikwa kwenye daftari siku ya kuchukua mali, "visivyouzika virudishwe" au "alipe hata visipouzika", ungemaliza ubishi wote.

Yuko pia yule wa katikati: amechukua mali kwenye maduka kadhaa ndani ya wiki moja, ameiuza chini ya bei aliyonunulia, amezima simu. Alikusudia kulipa? Mwenendo wake unasema hapana. Lakini jinai inathibitishwa bila kuacha shaka ya maana, na kusudio lililo ndani ya kichwa cha mtu halithibitishwi kirahisi. Kwenye madai unatakiwa tu kuonyesha kwamba maelezo yako yana uzito kuliko yake. Ushahidi uleule unaoshindwa mlango mmoja unaweza kushinda mwingine. Halafu ukumbuke kwamba kesi ya jinai si yako. Ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi. Akifungwa, mahakama inaweza kuamuru akulipe fidia, lakini mtu aliye gerezani Lilungu hauzi samaki wa kukulipa.

Najua kwa nini watu wanakwenda polisi. Sitamung'unya maneno: inafanya kazi. Mdaiwa akiitwa kituoni asubuhi, jioni ndugu wameshachangishana. Mahakamani kuna wito unaozungushwa, kuna kuahirishwa, na ukishashinda kuna safari ya pili ya kukazia hukumu, yaani kuomba mahakama imlazimishe mdaiwa kuitekeleza. Dalali wa mahakama hawezi kukamata kila kitu. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inalinda vyombo vya kupikia, nguo, zana za kazi, hata nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake. Wapo watu wana hukumu safi yenye mhuri na hawajaona hata senti. Hilo linaniuma, na sina dawa yake.

Lakini angalia unachopata kituoni. Unapata karatasi ya makubaliano: "Mimi fulani nakiri kudaiwa shilingi kadhaa na nitalipa ndani ya siku 14." Mteja wangu huishika karatasi hiyo kama hati miliki. Nami naiona ndiyo karatasi dhaifu kuliko zote kwenye jalada. Sheria ya Mikataba inasema ridhaa iliyopatikana kwa shuruti humpa aliyeshurutishwa nafasi ya kuutengua mkataba. Wakili wa upande wa pili akisimama, swali lake la kwanza ni: alisaini akiwa wapi? Mlango ulikuwa umefungwa? Alikuwa ameshalala ndani siku ngapi? Sisemi kila karatasi iliyosainiwa kituoni ni batili, kwa maana mahakama huangalia mazingira. Ila umechukua deni lililokuwa na ushahidi mzuri, daftari, miamala ya simu, jirani aliyeshuhudia, ukalifunga kwenye kamba ya shuruti. Na ikionekana ulimsingizia jinai ili umkamue, anaweza kukugeuzia kibao na kukudai fidia.

Wapo wanaoniomba niandike barua ya madai inayoishia na "la sivyo utakamatwa". Siandiki. Naandika notisi inayosema deni ni kiasi gani, limetokana na nini, na kwamba asipolipa atashtakiwa kwa madai. Kutumia kitisho cha jela kuvunia pesa ni uonevu hata kama pesa ni yako.

Kuhusu njia yenyewe nitasema kwa kifupi, maana haina utata. Deni la mkataba linapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na marekebisho ya sheria ya 2016 yalipandisha kiwango chake hadi shilingi milioni 30 kwa mali inayohamishika. Karibu madeni yote ya maduka ya Masasi, Newala, Nachingwea na hapa mjini yanaingia humo. Unaweza kueleza dai lako kwa mdomo, likaandikwa. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili. Leta daftari, leta ujumbe wa simu na miamala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilishafuta ile dhana kwamba ya simuni si ushahidi. Usiporidhika unakata rufaa Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu, ambayo kanda yake iko hapahapa Mtwara. Kifungo cha madai, yaani kumfunga mdaiwa asiyelipa alichoamriwa, kipo, ni kweli, lakini kinakuja baada ya hukumu, hakimu akishamhoji mdaiwa kwa nini halipi. Anayeomba ndiye anayegharamia chakula cha mfungwa, na akitoka deni bado lipo.

Limebaki kundi moja ambalo halipendi kabisa kusikia neno mahakama: watu wa kangomba. Amempa mkulima pesa mwezi wa njaa kwa makubaliano ya gunia la korosho wakati wa mavuno, kwa bei inayotia aibu, nje ya stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza mnadani. Anajua ununuzi huo umepigwa marufuku na kwamba mkataba wenye lengo haramu ni batili, hivyo anakwenda kituoni kusema mkulima ni tapeli. Hapa naona ubaya wa wazi: yule aliyevunja sheria anatumia chombo cha sheria kumtisha aliyekuwa na njaa. Je, angalau mtaji wake anastahili kurudishiwa? Mawakili tunabishana. Wengine wanasema aliyepokea chini ya mkataba batili arudishe alichopokea. Wengine, nami nimeegemea huko, wanasema mahakama isimnyooshee mkono aliyeingia kwenye haramu akijua. Ningependa swali hilo lifike Mahakama ya Rufani na lijibiwe likiwa na gunia la korosho mezani.

Na ninyi wenye madeni halali, saa inakimbia. Kudai kwa mkataba kuna ukomo wa miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na kufungua RB hakuusimamishi. Mdaiwa akikubali kwa hiari yake kuandika na kusaini kwamba anadaiwa kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya siku hiyo. Mkalishe dukani kwako, mwite mzee mmoja anayemheshimu, aandike kwa mkono wake, na muachie nakala.